Ukiinuka Umeachia: Miaka Yangu kwenye Meza ya Modeli

Siku mliyoniaga, baada ya keki na zile hotuba ambazo kila mtu alinisifia mambo ambayo sikuwahi kuyafanya, mmoja wenu aliniuliza swali la maana kuliko hotuba zote: "Auntie Khasoa, wale watu wa Jumamosi walikuwa wanakaa muda gani kwa meza bila kuinuka?" Nikajibu, "Mpaka kibofu kikatae." Mkacheka, tukaenda kupiga picha. Lakini swali lilinifuata hadi nyumbani Kabiria, na kwa kuwa siku hizi sina pa kwenda asubuhi, nimeona heri nilijibu vizuri.

Ninaandika nikiwa nimesimama kando ya kaunta ya jikoni. Kustaafu kumenishinda mapema. Naamka, nafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, nahamisha sufuria kutoka rafu hii hadi ile, natoka hadi kwa geti kuangalia ni nani anapita, narudi. Jirani ananiambia, "Mama, si upumzike sasa?" Nipumzike kwani nimefanya nini leo? Kwa hivyo mkiona sentensi imekatika ghafla, mjue nimetoka kidogo.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Hayo yako kwenye faili, na faili hazina ladha. Nitaanza na siku ya kwanza.

Nilianzia mjini, orofa ya juu ya jengo moja karibu na River Road, chini yetu kukiwa na duka la vipuri vya baiskeli. Ilikuwa karakana ya kutengeneza modeli za majengo. Mteja wa kawaida haelewi ramani, hata akitikisa kichwa namna gani. Lakini mwekee mbele nyumba ndogo ya kadibodi yenye miti na gari nje, ataelewa mara moja, na ataanza kubishana nawe kuhusu rangi ya paa. Mimi niliingia nikidhani nimeajiriwa kufagia, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nikifanya tangu nitoke nyumbani Vihiga. Bwana Njoroge, mkubwa wa karakana, akaniondolea ufagio mkononi, akanipa kisu cha kukatia, rula ya chuma na kipande cha kadibodi. "Kata," akasema.

Nikakata kama mtu anayechinja jogoo. Kadibodi ikachanika, rula ikaruka.

"Unagombana na nani?" akaniuliza.

"Hakuna mtu."

"Basi pole pole. Mara ya kwanza unaonyesha kisu njia tu. Mara ya pili na ya tatu kinajiendea chenyewe."

Njoroge alikuwa seremala kutoka upande wa Limuru, mtu wa maneno machache na koti moja. Katika karakana yake hapakuwa na kiti cha fundi. Meza zilifika kiunoni na sote tulifanya kazi wima. Kiti kilikuwa kimoja, cha mteja. Alishikilia kwamba mtu akikaa sana, jicho lake linaanza kukubali chochote. Kwa hivyo kila gundi iliposhika, ilikuwa sheria uweke chini ulichoshika, uizunguke meza yote, uiangalie kazi yako kutoka upande wa mteja. Mara nyingi ulipofika huko ungejikuta unasema, "Ngai, ni nani amefanya hivi?"

Sheria hiyo ilinifaa sana. Mimi nilizaliwa na miguu ya moto. Kanisani nilikuwa nikikaa karibu na mlango, na hata leo mahubiri yakinoga nje ndiko naenda kuyasikilizia. Sijui ningefanya nini katika ofisi ya watu wa kukaa.

Makosa ya mwanzo yalikuwa mengi. Wiki zangu za kwanza nilitengeneza bangaloo moja nzuri ya Lavington, nikaiwekea watu mlangoni kama inavyotakiwa, ila nilichukua watu kutoka sanduku la modeli kubwa zaidi. Mteja alipokuja akainama, akaangalia muda mrefu, akauliza, "Huyu jamaa anayepita urefu wa mlango ni nani?" Niliona dunia inazunguka. Njoroge hakupepesa jicho. "Ni landlodi," akasema. Mteja alicheka hadi akakubali paa lilivyo. Baada ya hapo Njoroge alinitenganishia masanduku ya watu, akayaandika kwa herufi kubwa, na hakuligusia tena jambo hilo mpaka kifo chake.

Nyinyi mna mashine ya leza. Inakata ukuta mzima kabla sijapata miwani yangu, na haina kiuno wala mgongo. Siigombi. Lakini mjue tuliishi kwa vitu vya sokoni. Vibanio vya nguo vilikuwa jiliwa yetu ya kubania vipande. Vijiti vya meno vilipaka gundi. Sifongo ya godoro kuukuu, ikirarurwa na kuchovywa rangi, ilikuwa miti ya Muthangari yote. Unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani ulikuwa nyasi. Na tulipohitaji kamba nyembamba, nilienda kwa miguu hadi Kenyatta Market, nikapita katikati ya moshi wa nyama choma bila kununua chochote, nikaingia kwenye saluni kuokota mabaki ya nywele za kusuka sakafuni. Wasusi walinizoea. "Mama wa nywele amekuja," walisema, wakanisogezea kifagio. Sijui walidhani ninamroga nani.

Baadaye kampuni ilihamia Muthangari, kwenye ile nyumba yenye karakana nyuma mnayoijua. Njoroge alikuwa ameshastaafu. Ndipo wakubwa wakaamua kwamba siku za Jumamosi karakana ifunguliwe kwa watu wanaotengeneza modeli kwa raha zao, nami niwasimamie wasijikate vidole wala wasituchomee nyumba. Nilipinga. Kwani mtu anafanya kazi yangu kwa raha? Lakini wakaja, na kitu cha kwanza walichofanya ni kuleta viti.

Viti! Stuli ndefu za kufikia meza zile. Nilihisi kama wamemwingizia Njoroge ng'ombe sebuleni. Na shida ikaanza hapo hapo, kwa sababu meza ilitosha watu wachache kukaa na waliotaka kukaa walikuwa wengi. Hakuna aliyeandika sheria, lakini kufikia mwezi wa pili ilikuwepo na ilikuwa kali: ukiinuka, umeachia. Kiti ni cha aliyekalia. Ukienda msalani ukirudi ukute mtu, wewe simama kando ya ukuta na kipande chako cha bawa la ndege, usubiri naye ashindwe.

Basi mkitaka kujua kwa nini walikaa muda mrefu vile, msiseme ni mapenzi ya sanaa. Ni woga wa kupoteza kiti. Kevo, fundi wa stima kutoka Riruta aliyekuwa akitengeneza matatu ndogo zenye taa zinazowaka kweli, aliacha kunywa maji tangu Ijumaa jioni. Wanjiru, daktari wa meno, alikuwa akitengeneza ndege, na alikuja na ndoano zake za kazini ambazo nakiri ni vifaa bora kuliko vyote nilivyowahi kushika. Huyu siku moja alitoka akaacha mkoba juu ya kiti. Aliporudi alikuta mkoba uko sakafuni na Kevo yuko juu.

"Kevo! Si umeona mkoba?"

"Nimeuona, daktari. Lakini mkoba si matako."

Tulijadili jambo hilo hadi chai ikapoa, na uamuzi ukawa kwamba kweli, mkoba si matako.

Sababu ya pili ya kukaa ni uongo mdogo ambao kila mtu wa modeli anajidanganya nao: nibandike hiki tu, halafu niinuke. Hicho kikishika unaona kingine kinakusubiri. Nimeona watu wazima, wenye watoto chuo kikuu, wakisahau harusi waliyovalia suti. Mimi nilikuwa nikizunguka nyuma yao kama askari wa jela, nikigonga meza kwa rula. "Inukeni! Zungukeni! Angalieni kutoka huku!" Hakuna aliyenisikia.

Sasa nifike kwa Mzee Makokha, maana ndiye jibu lenyewe.

Alikuja akishikwa mkono na binti yake Nasimiyu. Mzee mrefu, kofia kichwani, sauti ya mtu aliyezoea kuita abiria. Ujana wake wote alikuwa konda wa basi la mashambani, lile la kutoka mjini hadi Bungoma, basi lililoitwa Kifaru. Alitaka kutengeneza Kifaru dogo, urefu wa mkate mrefu, pamoja na keria ya juu na mizigo yote. Nilimpa kipande cha kadibodi nione mkono wake. Alikata vizuri, taratibu, kisu kikitafuta njia. Nikampenda papo hapo, nami si mwepesi wa kupenda watu.

Nasimiyu akanivuta kando. "Auntie, macho ya Baba yanaisha. Ni sukari. Kliniki wamesema hawawezi kuyarudisha, wanayachelewesha tu. Anajua. Ameniambia anataka amalize hii basi akiwa bado anaiona. Hiyo tu."

Nilirudi mezani nikatangaza kwamba kiti cha kando ya dirisha ni cha Mzee, ainuke asiinuke. Hakuna aliyebisha, hata Kevo.

Ikawa mbio. Mzee alikuja Jumamosi baada ya Jumamosi, akakaa bila kunyanyuka, pua karibu iguse kadibodi. Alikuwa akiongea akifanya kazi: jinsi abiria wa Kakamega walivyogombana na wa Webuye kuhusu madirisha, jinsi mama mmoja alivyopakia kitanda cha mbao akakataa kushuka mpaka kishushwe yeye akitazama. Sisi tulicheka na kusikiliza. Lakini mwaka haukuisha kabla sijaanza kuona mambo. Fremu ya dirisha imebandikwa nje ya mstari. Ngazi ya nyuma imekwenda kombo. Tone la supagluu limekaukia pasipohitajika, na supagluu ikishika, imeshika.

Wanjiru naye aliona. Siku moja Mzee alipotoka kunywa chai, alichukua ndoano yake, akainua taratibu fremu moja iliyokuwa haijashika vizuri, akainyoosha, akaibonyeza. Akaniangalia. Nikaangalia mlango. Kevo akanyoosha ngazi. Mzee aliporudi akapapasa pale, akasema, "Hapo pametulia vizuri," na sote tukahisi joto moyoni kama watu waliotoa sadaka.

Kutoka siku hiyo ikawa desturi. Mimi nilimbadilishia gundi, nikamwondolea supagluu nikampa gundi nyeupe ya maji, ambayo hungoja kabla ya kushika, ili tuwe na nafasi ya kurekebisha. Nikaleta na amri mpya: kila baada ya muda watu wote nje, chai barazani, macho yapumzike. Kila mara mmoja wetu alibaki ndani akijifanya anatafuta kitu.

"Gundi yangu siku hizi imekuwa mvivu," Mzee alilalamika.

"Ni baridi, Mzee. Ni mwezi wa saba."

"Na hii chai kila saa ni ya nini? Mimi sikuja kunywa chai, Khasoa. Wewe unajua saa yangu inakimbia."

Nilijua. Gundi ya polepole ilimfanya ashike kila kipande muda mrefu zaidi, na chai ikamkatia muda, na yeye akazidi kukaa ili kufidia. Miguu ilianza kumvimba. Nilikuwa nikizunguka chumba kile roho haitulii, nahesabu kilichobaki: keria, mizigo, turubai, rangi. Usingizini naliona lile basi. Nikimwona Nasimiyu getini nilimtazama usoni kwanza kabla ya kumsalimia, nijue habari za kliniki.

Likabaki jambo moja la kutusumbua. Basi lote lilikuwa limelalia upande wa kushoto. Ukiliweka mezani liliinama kama mtu aliyebeba ndoo moja. Tulilijadili barazani kwa kunong'ona. Wanjiru alisema ni macho, jicho la kushoto ndilo lililoharibika zaidi. Kevo alisema ni magurudumu. Mimi nilisema vyovyote iwavyo linyooshwe kabla halijapakiwa mizigo, maana baadaye itakuwa vigumu. Kevo akakata vipande vyembamba vya kadibodi, akavipachika chini ya springi za kushoto. Basi likasimama wima, safi, kama limetoka kiwandani leo. Tulifurahi sana.

Mzee akaingia kutoka kwenye chai. Akakaa. Akaweka kiganja chake juu ya paa la basi, kama alivyozoea kufanya kila akianza, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Mkono ukasimama.

"Ni nani ameamsha basi langu?"

Kevo akarudi nyuma hatua moja.

"Nimeuliza. Kifaru hajawahi kusimama wima maisha yake yote. Mlango uko kushoto. Wapakiaji wanarusha magunia kutoka upande wa mlango, na gunia hukaa pale lilipoangukia. Ukifika Nakuru springi za kushoto zimechoka. Watu walikuwa wanalijua kutoka mbali, wanasema yule anayekuja amelala ni Kifaru. Mimi nimelilaza mwenyewe, nimelikatia springi mwenyewe. Ni nani ameliamsha?"

"Mzee," Kevo akaanza, "tulikuwa tunakusaidia tu. Tulidhani..."

"Mlidhani ni macho."

Akaanza kupapasa. Fremu, moja baada ya nyingine. Ngazi. Mlango. Vidole vyake vilikwenda haraka, halafu vikaenda polepole, na nikaona uso wake unabadilika.

"Hizi fremu pia mmezigusa?"

"Zingine," nikasema.

"Zipi?"

Nikamwangalia Wanjiru, akaniangalia. Wallahi hatukujua. Tulikuwa tumerekebisha kidogo hapa, kidogo pale, miezi mingi, kila mtu kwa zamu yake, na hakuna aliyekumbuka.

"Haya basi," Mzee akasema. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Zingine nilizikosea kweli. Zingine nilizifanya vile kwa sababu ndivyo zilivyokuwa, fremu za Kifaru zilipigwa mateke na abiria mpaka hakuna iliyonyooka. Sasa mimi mwenyewe sijui lipi ni kosa langu na lipi ni kosa lenu. Mnasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi sina! Si mngeniambia?"

Akainuka, akatafuta ukuta kwa mkono, akatoka. Kiti kilibaki wazi na hakuna aliyekikalia siku ile.

Kevo alinung'unika kwamba asante ya punda ni mateke. Nilimkemea, ingawa moyoni mwangu nilikuwa nimesema hayo hayo. Hata leo, vijana, msitegemee niwaambie tulikuwa waovu. Mtu unayempenda anaharibu kazi yake ya mwisho mbele yako, na ndoano iko mkononi, ungefanya nini? Nimezunguka na swali hilo Kabiria nzima. Sina jibu, nina miguu tu.

Hakuja Jumamosi iliyofuata, wala nyingine, wala nyingine. Basi lilikaa kando ya dirisha limefunikwa kitambaa. Mimi nilikuwa siwezi kupita karibu nalo. Kila Jumamosi iliyopita ilikuwa inakula macho yake, na sisi tupo tunabandika ndege. Mwishowe asubuhi moja, badala ya kwenda kanisani, nikatembea kutoka kwangu hadi kwa binti yake Kawangware. Nilimkuta ameketi nje juani, uso umeelekea njia.

"Ni Khasoa huyo," akasema kabla sijafungua mdomo. "Hakuna mwingine anayetembea hivyo. Kama mtu aliyefukuzwa."

"Mzee, rudi."

"Nirudi kufanya nini? Kumalizia basi lenu?"

"Rudi umalize lako."

"Langu itabidi nilibomoe. Nibakishe sakafu na magurudumu."

Nikahesabu kichwani. "Mzee, ukilibomoa huenda usilione likiisha. Nakuambia kama fundi. Muda hautoshi."

"Najua." Akaivuta kofia yake mbele. "Heri nisilione langu kuliko nilione lenu."

Akanipa masharti. Nitakaa kando yake, kwa kiti, nisizungukezunguke, maana nikizunguka hajui sauti yangu inatoka wapi. Nitasema ninachoona, chochote, kibaya au kizuri. Na nisiguse. "Usiguse hata kama linaanguka. Wewe sema tu."

"Na gundi? Nikurudishie supagluu?"

"Hapana. Ile mvivu iache. Sasa ndiyo ninaihitaji."

Ndivyo mimi, ambaye miaka yote nilifanya kazi wima, nilivyojifunza kukaa. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Mgongo uliuma, magoti yaliruka yenyewe chini ya meza. Mzee alibomoa kuta zote kwa mkono wake, akaanza upya, naye alikaa tangu lango linafunguliwa hadi mlinzi anakuja kutufukuza. Nilisema, "Kushoto kidogo. Umepita. Rudi. Hapo." Kuna fremu alizibandika kombo makusudi akaniambia kila moja ilipigwa teke na nani. Wanjiru na Kevo walisimama nyuma yetu, mikono mifukoni. Hakuna aliyekumbuka mambo ya kiti.

Kila mara alisita, akainua kichwa kuelekea dirishani, akauliza, "Leo kuna mawingu?" Mwanzoni mawingu yalikuwepo kweli. Baadaye aliuliza siku za jua kali, nami niliwekewa sharti la kusema ninachoona, kwa hivyo nilisema, "Hapana, Mzee. Jua linawaka." Alitikisa kichwa, akarudi kwenye kazi.

Keria ilikuja. Magunia ya kitambaa yaliyojazwa mchanga, yote upande wa mlango. Kitanda cha yule mama. Tenga la kuku. Turubai, na kamba ya kulifunga niliyoitoa Kenyatta Market, nywele nyeusi zilizosokotwa. Alipofunga fundo la mwisho alilifunga kwa vidole peke yake, maana kufikia hapo alikuwa anaona mwanga na kivuli tu. Rangi aliipaka juma lililofuata, bluu na krimu, nikimwambia brashi imefika wapi, na dirisha la mwisho la plastiki akalibandika mwisho kabisa. Akaweka mikono juu ya mapaja.

"Niambie," akasema.

Nikamwambia. Nilianza mbele, taa, kioo, nikapanda ngazi, nikaeleza mizigo mmoja mmoja, nikashuka kwa mlango.

"Limelalia wapi?"

"Kushoto."

"Sana?"

"Sana. Mtu akiliona atataka kushuka."

Alicheka mpaka akakohoa. Kevo alicheka, Wanjiru akageuka akaangalia ukuta. Halafu Mzee akanigeukia.

"Na makosa?"

Wanjiru alinitikisia kichwa: hapana, sema hakuna. Niliangalia basi. Niliangalia tena.

"Dirisha la tatu kutoka mlangoni, hili ulilobandika sasa hivi, limeingia upande," nikasema, "na gundi imechafua plastiki. Hilo si Kifaru, Mzee. Hilo ni macho."

Alinyoosha kidole, akahesabu madirisha kutoka mlangoni, akafika la tatu, akakipitisha juu yake polepole mpaka akalipata pale lilipopinda.

"Ni kweli," akasema. "Liache."

Gundi ilikuwa bado mbichi. Ndoano ya Wanjiru ilikuwa mezani, karibu na kidole changu. Nikaliacha.